Je, Roboti Inaweza Kuuguza?

Muhula uliopita darasa letu la Kiswahili liliandaa mdahalo wenye mada hii: "Roboti zichukue nafasi ya wauguzi katika wodi za maradhi ya kuambukiza." Niliwekwa upande wa kupinga, na tukashinda. Nilisema maneno mazuri kuhusu utu, kuhusu joto la mkono wa binadamu, kuhusu chuma kisichojua kulia. Wenzangu wakapiga makofi. Likizo ilipofika nikaenda nyumbani Kisinga, nikamsimulia shangazi yangu, ambaye ni muuguzi, jinsi nilivyomtetea yeye na kazi yake. Alikuwa akichambua maharage. Aliniacha nimalize, kisha akauliza, "Na wewe, mwanangu, umewahi kumwogopa mgonjwa?"

Makala hii ni jaribio la kumjibu. Hoja nilizoshindia mdahalo nyingi sizitaki tena, ingawa upande niliousimamia sijauacha wote.

Kwa msomaji asiyepajua, Kisinga ni mji mdogo wa wilaya ya Kasese, chini ya milima ya Rwenzori, upande wa kuelekea Bwera na mpaka wa Mpondwe. Ng'ambo ya mto Lhubiriha ni Kongo. Wanande wa kule na Wakonzo wa huku ni ndugu. Lugha zetu zinasikilizana, tunaoana na tunazikana. Kiswahili chenyewe wengi wetu tulikipata katika soko la Mpondwe kabla ya kukikuta darasani. Kisinga ndiko iliko hospitali ya Kagando, ambayo ilianza miaka ya 1960 kama kituo cha wagonjwa wa ukoma. Kwa hiyo swali la nani amguse nani si geni kwetu. Wazee wanakumbuka watu waliotengwa kwa sababu ya vidole vyao.

Ebola ilitangazwa katika Kivu Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018. Sisi tulikuwa tukiisubiri, kama mtu anavyoisubiri mvua aliyoiona tayari kwenye kilima cha pili. Juni 2019 ikavuka. Mama mmoja alikuwa amekwenda Kongo kumuuguza baba yake, mzee akafariki, na familia ikarudi Uganda. Njiani mtoto wa miaka 5 alikuwa tayari mgonjwa. Wakamleta Kagando. Wahudumu wakashuku, akahamishiwa Bwera, na tarehe 11 Juni ikathibitishwa kwamba ni Ebola. Mtoto alifariki. Bibi yake akafariki muda mfupi baadaye. Mdogo wake wa miaka 3, aliyerudishwa Kongo pamoja na wazazi, naye akafariki. Hakuna mhudumu wa afya wa Uganda aliyeambukizwa mara ile. Wengi wa mstari wa mbele walikuwa wameanza kuchanjwa tangu Novemba 2018.

Nilikuwa mwanafunzi wa sekondari. Nakumbuka madumu ya maji yenye klorini kwenye lango la shule, ngozi ya vidole ikikauka na kupasuka, na salamu za viwiko. Nakumbuka kanisani tulipoacha kupeana mikono, na bibi mmoja aliyeendelea kuunyosha wake kila Jumapili kwa mazoea, halafu akaurudisha polepole.

Shangazi hakuwa Kagando wala Bwera. Alikuwa katika kituo kidogo cha afya ambacho sitakitaja. Wiki ileile, asubuhi, alikuja mwanamke amembeba mtoto wa kike mgongoni, mwili wa moto, anatapika. Kituoni ilikuwa imebaki jozi moja ya glavu.

"Nilisimama mlangoni," alinisimulia. "Nikamwambia mama yake, mshushe wewe, mwekee kipimajoto kwapani. Mpanguse. Mimi nikakaa mbali na daftari langu. Hakujua kukisoma kile kipimajoto, basi akakinyanyua juu ili nikisome kutoka pale nilipo."

Ilikuwa malaria. Mtoto alipona. Shangazi alinyamaza kidogo, akaendelea na maharage yake. Kisha akasema, "Sasa hiyo roboti yenu ya mdahalo, siku ile ingechukua kazi ya nani? Yangu, au ya yule mama?"

Nimelibeba swali hili hadi chuoni, na nadhani linaonyesha kosa lililokuwa katika mada yetu tangu mwanzo. Tulijadili kana kwamba anayemgusa mgonjwa ni muuguzi. Mtu yeyote aliyelala katika wodi za kwetu anajua kwamba sivyo. Muuguzi mmoja ana vitanda vingi. Anayeleta beseni, anayefua shuka, anayepika uji au obundu nyuma ya wodi, anayemgeuza mgonjwa ubavu usiku, ni mama yake, dada yake, bibi yake. Hana mshahara, hana mafunzo, na glavu hapewi. Katika familia ile ya Juni 2019, maradhi yalipita katika njia hiyohiyo ya kumuuguza mzee na kumzika.

Maswali mengi ya kifalsafa kuhusu roboti za tiba yametoka Japani, Ulaya na Marekani, katika nchi ambamo wazee ni wengi na wauguzi wanaolipwa hawatoshi. Yanauliza kama ni haki kumkabidhi mzee kwa mashine. Ni maswali ya kweli, lakini yakiletwa kwetu bila kubadilishwa yanamruka yule mama mwenye kipimajoto.

Hebu tuzitazame roboti zenyewe, maana katika mdahalo hatukuzitazama. Tulizungumza juu ya roboti za sinema. Wakati wa Ebola ya Afrika Magharibi, Novemba 2014, Ikulu ya Marekani ilishiriki kuwakutanisha watafiti wa roboti na wahudumu wa afya ili waulizane mashine zingeweza kusaidia nini. Robin Murphy wa Chuo Kikuu cha Texas A&M, aliyetumia miaka mingi kupeleka roboti kwenye maafa, alikuwa mmoja wa walioongoza juhudi hizo. Katika Chuo Kikuu cha Duke wakaunda roboti waliyoiita TRINA, yenye mikono miwili na magurudumu, inayoendeshwa na muuguzi aliyeketi chumba kingine. Iliweza kusogeza vifaa, kupeleka chakula na kuvuta kitoroli. Ilifanya hayo polepole mno kuliko mtu.

Kisha ikaja korona. Mei 2020 Rwanda ilipokea roboti tano kwa msaada wa UNDP, zilizotengenezwa na kampuni ya Ubelgiji, ZoraBots. Zilipewa majina ya Kinyarwanda: Akazuba, Ikizere, Mwiza, Ngabo na Urumuri. Zilipima joto la watu, zikapeleka chakula na dawa katika kituo cha Kanyinya, na kuwawezesha madaktari kuzungumza na wagonjwa kutoka mbali. Kenya nayo ilipata tatu, zikaitwa Jasiri, Shujaa na Tumaini. Mjini Boston, hospitali ya Brigham and Women's ilijaribu roboti ya miguu minne aina ya Spot iliyofungwa kioo cha kompyuta kichwani, mgonjwa azungumze na daktari aliye nje. Hapa kwetu Uganda, Taasisi ya Maradhi ya Kuambukiza ya Makerere ilianza mwaka 2021 kutumia ndege ndogo zisizo na rubani kupeleka dawa za VVU katika visiwa vya Kalangala. (Wakongo waliwatangulia wengi kwa namna yao: tangu 2013 Kinshasa imekuwa na roboti kubwa za kuongoza magari, kazi ya mhandisi Thérèse Izay Kirongozi na wenzake. Nimesikia dereva mmoja pale Mpondwe akizisifu kwa sababu hazili rushwa.)

Ukiziangalia kazi hizi moja moja, zote ni za kupima, kubeba, kutazama na kupitisha sauti. Kazi ambazo bibi wa Kisinga hufanya bila kufikiri ndizo zinazowashinda watafiti hadi leo: kumgeuza mtu dhaifu bila kumwumiza, kumnywesha uji aliye nusu usingizini, kumfuta aliyejichafua bila kumtia aibu. Taasisi ya RIKEN ya Japani ilionyesha mwaka 2015 roboti yenye uso wa dubu, Robear, ya kumwinua mgonjwa kitandani. Ilikuwa na uzito wa kilo 140, na ilibaki ya utafiti. Mkono wa mtu ni chombo kigumu sana kuiga.

Kiswahili kinanisaidia hapa. Tuna kutibu, na tuna kuuguza. Kuuguza kunatokana na kuugua, kwa kiambishi kilekile kinachogeuza kulala kuwa kulaza. Kwa mujibu wa sarufi, kuuguza kungekuwa kumfanya mtu augue, jambo la ajabu kabisa! Matumizi yanasema kinyume: kuuguza ni kumhudumia aliye mgonjwa. Mimi nimekuja kulisoma neno hili hivi: ugonjwa nao ni kazi inayofanywa na mtu, na anayeuguza humwezesha mwenzake kuifanya, hatua kwa hatua, mpaka apone au afe. Kutoka hapo nilijenga hoja niliyoipenda sana: kwamba anayeweza kuuguza ni yule tu ambaye naye angeweza kuugua. Roboti haiugui, basi haiuguzi.

Nilimpelekea shangazi hoja hiyo nikiwa na fahari. Akanitazama. "Kwa hiyo mimi lazima niwe karibu kufa ndipo wewe ukubali kwamba nimekuhudumia?"

Sikuwa na jibu, na bado sina jibu zuri. Katika mdahalo nilikuwa nimemtaja Dkt. Matthew Lukwiya wa hospitali ya Lacor, Gulu. Mwaka 2000 Ebola ilipoingia Gulu, yeye ndiye aliyeitambua mapema na kuongoza wodi ya kuwatenga wagonjwa. Wauguzi wake walikufa mmoja baada ya mwingine, wengine wakataka kuondoka, naye akabaki. Akaambukizwa baada ya kumhudumia mmoja wa wafanyakazi wake, akafa tarehe 5 Desemba 2000. Watu 224 walikufa katika mlipuko ule. Nililisema jina lake kwa sauti ya chini, kama inavyofaa, na ukumbi ukanyamaza. Ulikuwa ushindi wetu.

Leo naona nilimtumia vibaya. Kwamba alithubutu kumgusa mgonjwa huku akijua hatari, hilo ni jambo la kuheshimu. Lakini haliithibitishi hatari kuwa njema. Hatumsifu mwashi kwa kukosa kamba. Mwaka 2022 Ebola aina ya Sudan ilipotokea Mubende na Kassanda, wahudumu wa afya 19 waliambukizwa na 7 wakafa. Kama yangekuwapo mashine ya kubeba ndoo ya matapishi, au ya kunyunyiza klorini, na mmoja tu kati ya saba akabaki hai, ni nani angesimama mbele ya watoto wake aseme kwamba huduma ya mama yao imepungua utu?

Basi hoja ya hatari naiacha. Kinachobaki ni kitu kingine, nacho nilikiona nilipofikiri juu ya vitu vinavyosimama kati ya mgonjwa na muuguzi. Glavu ni kizuizi. Mavazi ya kinga ya mwili mzima ni kizuizi kikubwa zaidi. Katika joto letu mtu anayavumilia kwa muda mfupi tu, kisha lazima atoke. Mwaka 2018, Beni, shirika la ALIMA lilitumia vyumba vya plastiki angavu vinavyoitwa CUBE: mgonjwa yuko ndani, muuguzi anamhudumia kupitia mikono ya glavu iliyoshonewa ukutani, na ndugu wanamwona na kuzungumza naye bila woga. Roboti inayoendeshwa na muuguzi kutoka chumba cha pili ni hatua moja mbele katika njia hiyohiyo. Ni mkono mrefu zaidi. Sioni mahali katika njia hiyo ambapo naweza kuchora mstari na kusema, hadi hapa ni utu, kuanzia hapa ni chuma.

Lakini kuna jambo mgonjwa analolidai katika kila hatua ya njia hii: kujua aliye naye ni nani. Liberia mwaka 2015, msanii wa Marekani Mary Beth Heffernan aliwapiga picha wahudumu wa Ebola, wakazibandika picha zao zenye tabasamu juu ya mavazi ya kinga. Mahali pengine waliandika majina kwa kalamu nene kifuani. Kizuizi kilibaki palepale; mgonjwa akajua ni nani aliye nyuma yake. Hilo si pambo. Ninayemjua kwa jina naweza kumwita, naweza kumlaumu, naweza kumshukuru, na nikifa ataulizwa nilikufaje.

Hapa ndipo ninapotofautiana na baadhi ya watengenezaji. Roboti iitwayo Tumaini, yenye macho yanayopepesa, ikimwuliza mtoto "unaumwa wapi?" kwa sauti ya upole, mtoto anamjibu nani? Ikiwa nyuma ya sauti ile yupo muuguzi anayezungumza Kikonzo, na uso wake unaonekana kwenye kioo, sina neno. Ikiwa hakuna mtu, na macho yale yamewekwa ili mtoto adhani yupo, basi amedanganywa saa ambayo hana nguvu ya kuuchunguza uongo. Mtu mzima anayetaka kuchezea mashine na afanye apendavyo. Aliyelala kitandani, mwenye homa, mbali na kwao, anastahili kuambiwa ukweli kuhusu ni nani amekaa naye.

Mhadhiri wangu mmoja aliposoma rasimu ya makala hii aliandika pembeni: "Na kama chaguo ni mashine yenye macho au kutokuwa na mtu kabisa?" Swali hilo limeninyima usingizi. Mlipuko wa Kivu uliomalizika Juni 2020 uliwapata watu 3,470 na kuua 2,287. Lazima miongoni mwao walikuwapo waliokufa usiku, saa ambayo wenye mavazi ya kinga walikuwa wametoka kupumua. Siwezi kusema kwamba sauti ya uongo isingewafariji. Ninachoweza kusema ni kwamba chaguo lile huwa limepangwa na watu kabla. Usiku haukosi muuguzi wenyewe. Kuna mahali pameamuliwa idadi ya wauguzi. Mashine inayojaza pengo inaweza pia kulificha, na tukishazoea sauti yake hakuna atakayeuliza tena kwa nini kiti kilikuwa kitupu.

Na roboti zinakwenda wapi? Kigali na Nairobi zilisimama pia katika viwanja vya ndege, zikimpima joto msafiri mwenye pasipoti. Mpondwe watu huvuka kwa miguu, na mikungu ya ndizi kichwani. Agosti 2019 msichana wa miaka 9 kutoka Kongo alitambuliwa pale mpakani kuwa na dalili, na alikuwa kweli na Ebola, akafia Bwera. Aliyemtambua alikuwa mtu, pamoja na kifaa kidogo cha mkononi cha kupima joto, maji na klorini. Siwalaumu waliopeleka roboti mijini, maana huko kuna umeme wa uhakika na mafundi. Nasema tu kwamba hatari huteremka kama maji. Daktari akikingwa inamfikia muuguzi, muuguzi akikingwa inamfikia mfagiaji, na mfagiaji akikingwa inamkuta bibi na beseni lake. Kwa hiyo kila roboti inapoletwa, ningependa aulizwe kwanza yule aliyekuwa akiifanya kazi hiyo bure.

Nilimwambia shangazi kwamba pengine hitimisho langu lingekuwa hivi: kabla ya roboti, jozi ya pili ya glavu. Nilidhani angefurahi. Akacheka. "Kwani lazima nichague? Wa Boston waliambiwa wachague?" Akasema kama ingekuwapo mashine ya kubeba ndoo na maiti, angeipokea kesho, hata kama ina uso wa dubu. Kisha akaongeza, kama mtu anayezungumza na maharage, kwamba siku ile mlangoni hata angekuwa na roboti, bado angetaka awe yeye aliyemwambia yule mama kwamba ni malaria tu, na amwambie akiwa karibu.

Nikamwuliza kama amewahi kuzungumza naye tangu siku ile. Hapana, alisema. Yule mama anauza nyanya sokoni Kisinga, na binti yake sasa humsaidia kupanga mafungu. Shangazi hununua kwao kila siku ya soko, hata nyumbani nyanya zikiwapo.